Kuvuta Utomvu wa Mepo kwa Pampu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Theluji inapoanza kulegea mwishoni mwa Februari kule Vermont, Maine, New York na Quebec, maswali huwa yaleyale: namna ya kutumia pampu kuvuta utomvu wa mepo (maple), mti ambao utomvu wake huchemshwa kuwa shira. Siku hizi yanaulizwa kwa Kiswahili pia, maana Wakongomani, Warundi na Watanzania wanaoishi Winooski, Portland au Sherbrooke wamekwisha kukutana na kazi hii: wengine kama vibarua wa msimu, wengine kwa kupata jirani mwenye msitu ambaye hana habari na msitu huo. Majibu haya yanamfaa mtu mwenye matundu (yaani mashimo ya kutolea utomvu yanayotobolewa mtini) 20 hadi 1,000 hivi. Mwenye matundu elfu ishirini ana mafundi wake, hatuhitaji.

Mepo si hutoa utomvu wenyewe? Pampu ya nini?

Hutoa, ndiyo. Usiku joto likishuka chini ya sifuri, mti huganda kidogo kidogo na kunyonya maji kutoka ardhini, huku hewa iliyonaswa ndani ya mbao ikibanwa na barafu. Mchana joto likipanda hadi nyuzijoto 4 au 5, barafu huyeyuka, hewa ile hutanuka, na shinikizo ndani ya shina huzidi la nje. Ukitoboa tundu hapo, utomvu unatoka kwa sababu unasukumwa. Msukumo ukiisha, ndoo inaacha kudondokewa, ingawa mti bado una maji tele.

Pampu hufanya kazi upande wa nje. Inapunguza shinikizo kwenye tundu, na huko kupunguza ndiko tunakokuita mvuto, ili tofauti kati ya ndani na nje ibaki kubwa. Matokeo yake utomvu hutoka kwa saa nyingi zaidi, na hutoka hata siku ambayo usiku wake haukuganda sawasawa. Kwa ndoo, tundu moja hutoa kama lita 40 kwa msimu mzuri. Kwa mvuto mkali katika mabomba yasiyoingiza hewa, lita 75 na kuendelea si jambo la ajabu.

Utomvu unaovutwa haupungui sukari?

Haupungui. Swali hili lilipimwa katika Kituo cha Utafiti wa Mepo cha Proctor, cha Chuo Kikuu cha Vermont, huko Underhill: mvuto ulipoongezwa utomvu uliongezeka, lakini kiwango cha sukari hakikubadilika. Mepo sukari hutoa utomvu wenye sukari asilimia 2 hivi, pungufu au zaidi kidogo kutegemea mti na wakati wa msimu. Mepo mwekundu pia hugemwa, ila sukari yake mara nyingi ni kidogo na huchipua mapema, kwa hiyo humaliza msimu kabla ya wenzake.

Na mti wenyewe hauumii?

Kila tundu ni jeraha. Mti hauponyi mbao iliyojeruhiwa. Unaizingira, na nyuma ya tundu kunabaki ufito wa mbao ya kahawia, mrefu kwenda juu na chini, ambao hautapitisha utomvu tena. Watafiti wa Proctor walipopasua miti kuangalia, ufito huo haukuwa mkubwa zaidi kwa miti iliyovutwa kwa nguvu. Kinachouumiza mti ni ulafi wa mgemaji: matundu mengi mno, miti michanga, na kutoboa palepale pa mwaka jana.

Pima mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua. Chini ya sentimita 80, acha mti ukue. Kuanzia hapo, tundu moja. Ukizidi sentimita 140 unaweza kutoboa mawili, ingawa wengi wanaotumia mvuto mkali hubaki na moja tu kwa kila mti na wala hawajutii. Matatu usitoboe, hata mti ukiwa mnene kiasi gani. Mti ulioliwa majani na viwavi kiangazi kilichopita upumzishe mwaka mmoja.

Mvuto unapimwaje, na kiasi gani kinatosha?

Geji nyingi za Marekani na Kanada husoma inchi za zebaki. Usawa wa bahari, mwisho kabisa wa kinadharia ni karibu 29.9, nao hupungua kwa inchi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Aliye kwenye mlima wa mita 600 asishangae geji yake kutofika 28; hewa ya huko haina hiyo 28 ya kumpa.

Zamani watu waliridhika na 15. Sababu ni ya kihistoria: wakulima wengi wa Vermont walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na pampu waliyokuwa nayo ni ya kukamulia, ambayo kazi yake haihitaji zaidi ya hapo. Leo anayejenga upya hulenga 25 na kuendelea. Kanuni ya kukumbuka: kila inchi moja huongeza utomvu kwa asilimia 5 hadi 7. Hakuna kizingiti ambacho baada yake faida hukoma, kwa hiyo inchi ya mwisho ina thamani sawa na ya kwanza, ila kuipata ni kazi zaidi.

Nina miti 40 kwenye mteremko mkali. Lazima ninunue pampu?

La. Tumia mrija mwembamba wa inchi 3/16 uache uzito wa utomvu uvute. Katika mrija huo utomvu hujaa kipenyo chote, hewa haiwezi kupita pembeni yake, hivyo safu nzima inaposhuka huvuta kilicho nyuma yake. Kila mita moja ya kushuka wima hutoa karibu inchi 2.9 za zebaki. Ukiwa na mita 9 za kushuka baada ya mti wa mwisho, unapata mvuto wa inchi 25 hivi bila senti ya umeme.

Masharti yake ni mawili. Kwanza, mteremko uwe chini ya miti, si kati yake tu. Mti wa chini kabisa, ule ulio jirani na tangi, haufaidi kitu. Pili, weka miti ya kutosha kwenye mrija mmoja, 15 hadi 25, ili safu ya utomvu isikatike. Mrija huu una adui mmoja mkubwa: uchafu. Baada ya misimu miwili, ute wa bakteria na vipande vya mbao huziba kwenye tii (viungo vya umbo la T), na mavuno huporomoka pasipo mtu kuona sababu. Nitarudi kwenye usafi.

Kama ardhi ni tambarare, mrija huo hautakusaidia peke yake. Hapo ndipo pampu inapoingia.

Mfumo wa pampu una sehemu gani?

Tuufuate utomvu kutoka mtini. Unatoka kwenye tundu kupitia mdomo wa plastiki wa inchi 5/16, unashuka kwenye mrija mfupi wa kushukia wa sentimita 75 hadi 90, unaingia mrija wa pembeni unaopita mti hadi mti, kisha bomba kuu linalobebwa na waya. Bomba kuu linaishia kwenye chombo kinachoitwa rilisa, ambacho hutenganisha utomvu na mvuto na kuumwaga tangini. Kati ya rilisa na pampu huwekwa mtego wa maji, ili utomvu ukifurika usiingie kwenye pampu na kuiua. Mwisho kuna pampu yenyewe na geji zake.

Watu hutaka kuanza na pampu. Ni sehemu ya mwisho kununua. Pampu nzuri kwenye mabomba mabaya inavuta hewa ya msituni tu.

Nianzie wapi kutandaza bomba kuu?

Anzia chini, mahali rilisa itakapokaa, halafu panda. Kazi hii ifanyike majira ya vuli, majani yakishaanguka na theluji haijashika, maana unaona miti yote na unatembea bila kuzama.

Bomba kuu literemke kwa asilimia 2 angalau, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Kwa jicho huwezi. Jicho msituni hudanganya vibaya, hasa ukiwa unatazama sambamba na mlima. Tumia kipima mwinamo cha mkononi, funga utepe wa rangi kwenye miti kwa urefu unaotakiwa, rudi chini, angalia mstari wote, rekebisha. Ndipo uvute waya. Waya uwe wa chuma kigumu, ule wa uzio wa mifugo, ukazwe kwa vikazio, na pale unapozunguka mti weka kipande cha mbao au bomba la mpira ili usikate gome. Bomba hufungwa kwenye waya kwa vifungo kila sentimita 30 hivi. Likining'inia katikati ya vifungo, utomvu unatuama kwenye kila shimo, unaganda usiku, na asubuhi unasubiri saa nzima barafu iachie wakati jirani yako anapokea.

Kipenyo: inchi 3/4 hutosha kwa matundu mia kadhaa penye mteremko mzuri, penye ubapa nenda inchi 1. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba bomba kuu halitakiwi kujaa. Utomvu upite chini, na juu yake ibaki nafasi ya hewa kurudi kwenye pampu. Likijaa, mvuto hauwafikii walio mbali. Ndiyo maana wenye misitu mikubwa huweka mabomba mawili sambamba, moja la utomvu na jingine juu yake la hewa tupu. Kwa matundu 300 usijisumbue na hilo.

Mrija wa pembeni ubebe miti mingapi?

Kwa mrija wa inchi 5/16, matano ndiyo bora na kumi ndiyo mwisho, urefu usizidi mita 30. Watu wanapuuza hili kwa sababu mrija wa pembeni ni rahisi na bomba kuu ni ghali, wakaunganisha matundu 25 kwenye mrija mmoja. Kwenye mti wa kwanza mvuto ni 24, kwenye wa ishirini na tano umebaki kidogo. Ongeza bomba kuu, fupisha mirija.

Mrija ukazwe hadi upige sauti ukiugusa, uende moja kwa moja kuelekea chini, na uunganishwe upande wa juu wa bomba kuu. Kata ncha zake kwa kikata mirija, usitumie kisu butu. Na mrija wa kushukia usiufupishe ili kubana matumizi: urefu wake ndio unaokuruhusu kuzunguka shina mwaka hadi mwaka ukitafuta mbao safi.

Ninunue pampu gani?

Kanuni ya zamani bado inafaa: futi moja ya ujazo ya hewa kwa dakika kwa kila matundu 100, yaani lita 28 kwa dakika. Matundu 500 yanataka pampu ya futi 5 kwa uchache. Soma kibandiko kwa makini, kwa kuwa pampu hutangazwa kwa uwezo wake ikiwa haivuti chochote. Wewe unataka kujua inahamisha hewa kiasi gani ikiwa kwenye inchi 20 au 25.

Hadi matundu mia moja au mia mbili, pampu ndogo za diaframu za volti 12 zinafanya kazi vizuri sana. Zinavuta utomvu na hewa kwa pamoja, hazihitaji rilisa, na betri yenye paneli ya jua inatosha kuziendesha. Wengi hurudisha kiasi kidogo cha utomvu kutoka upande wa kutolea hadi upande wa kuvutia ili diaframu isikauke, mvuto hupanda. Tatizo lake ni kuganda: usipoitoa maji jioni, asubuhi utakuta kichwa kimepasuka.

Kwa mfumo mkubwa kuna aina kuu tatu. Ya mapezi na mafuta ni imara, bei yake nafuu, vipuri vipo, lakini inatoa ukungu wa mafuta, kwa hiyo elekeza moshi wake mbali na tangi na uangalie kiwango cha mafuta kila siku. Ya pete ya maji haina makuu, inavumilia unyevu, ila inataka maji ya kupoza ambayo nayo yanaganda. Ya makucha ni kavu, tulivu, haina mafuta ndani ya chumba cha kuvutia, na ukiuliza bei utajua kwa nini jirani yako hana. Kwa mtu anayeanza na matundu 400 ningechukua ya mapezi iliyotumika, niikague mapezi, nibadili mafuta, na pesa iliyobaki niiweke kwenye bomba kuu.

Umeme wa nje uwekwe na fundi mwenye leseni, soketi ziwe na kikata umeme. Ukitumia jenereta, isikae ndani ya kibanda ulimo wewe. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukushtua.

Rilisa inafanyaje kazi?

Fikiria chupa iliyounganishwa na pampu. Utomvu unaingia lakini hautaki kutoka, kwa sababu hewa ya nje inasukuma kuingia ndani. Rilisa ya boya hujaa hadi boya linyanyue valvu, hewa iingie, utomvu umwagike, valvu ijifunge. Ya vyumba viwili hufanya hivyo kwa zamu ili mvuto msituni usikatike. Ya umeme ina pampu ya kutolea utomvu chini yake, nayo inaweza kuusukuma hadi tangi lililo juu mlimani. Kama nyumba ya kuchemshia iko juu ya msitu, hiyo ya umeme ndiyo yako.

Kutoboa kuna siri gani?

Biti kali ya inchi 5/16, keekee ya betri, mkono uliotulia. Ingia sentimita 4, mwinamo kidogo kuelekea nje ili utomvu ushuke, toka moja kwa moja bila kuyumbisha. Tundu likiwa la duara kamili, mdomo unaziba. Likiwa la yai, hewa inaingia pembeni msimu mzima na hutaisikia.

Tazama unga wa mbao. Mweupe au wa krimu, safi. Wa kahawia, umegonga jeraha la zamani: toa, sogea. Mdomo ugongwe kwa nyundo ndogo mpaka sauti ibadilike, kisha acha. Wanaoendelea kugonga hupasua mbao juu na chini ya tundu.

Midomo nunua mipya kila mwaka. Ni vipande vya bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo na ndivyo vinavyoleta mavuno zaidi, kwa sababu bakteria kwenye mdomo wa mwaka jana huwahisha tundu kuziba. Kuna pia midomo yenye kigololi ndani kinachozuia utomvu kurudi mtini, wazo lililotokana na utafiti wa Proctor. Inafaa hasa kwa mwenye mirija mizee.

Pampu ni mpya lakini geji inasoma 15. Nimetapeliwa?

Mara chache sana. Funga valvu kwenye mdomo wa pampu, ikate na msitu. Ikipanda hadi 27, pampu ni nzima na shida iko msituni. Isipopanda, angalia mafuta, mapezi, mtego wa maji na viungo vilivyo kibandani.

Tuseme ni msituni. Fungua bomba kuu moja moja ukiangalia geji; lile linaloangusha sindano ndilo la kushughulikia. Halafu nenda mwisho wa bomba hilo ukaweke geji nyingine. Tofauti kati ya kibandani na mwisho wa bomba iwe inchi moja au mbili. Ikiwa sita, kuna mahali hewa inaingia au utomvu umetuama.

Sasa tembea. Hii ndiyo kazi yenyewe ya mvuto, na anayeichukia asinunue pampu. Chagua siku utomvu unatoka polepole, maana siku ya mafuriko kila kitu kinaenda mbio na huoni kitu. Tazama ndani ya mrija. Viputo vidogo vinavyotembea pole ni vya kawaida, mti wenyewe hutoa hewa. Viputo virefu vinavyokimbia vina chanzo: fuata mrija kwenda juu hadi mahali vinapoanzia. Kabla ya tundu lililotoboka vinakimbia, baada yake utomvu umetulia. Simama, nyamaza, sikiliza. Mlio wa hewa unasikika mita kadhaa msitu ukiwa kimya. Shuku kwanza tii, halafu mdomo, halafu mahali mrija unaposugua tawi.

Beba mkoba wenye kikata mirija, koleo la kuunganishia, viungo, midomo ya akiba, tepu ya rangi na thermosi ya chai. Tepu ni ya kufunga pale ulipopaona lakini huna kifaa cha kupatengeneza. Timu ya wawili wenye simu, mmoja kwenye geji na mwingine msituni, inamaliza haraka kuliko wanne wasio na mawasiliano.

Inalipa? Kutoka 20 hadi 25 ni inchi tano. Zidisha kwa zile asilimia 5 hadi 7 za kila inchi. Hakuna pampu utakayonunua itakayokupa ongezeko hilo kwa gharama ya viatu vya theluji na asubuhi mbili.

Kindi wanatafuna mirija. Nifanye nini?

Utaishi nao. Wanatafuna zaidi mirija yenye chumvi, na chumvi hutoka kwenye jasho la mikono yako na kwenye dawa ya klorini ya kufulia, ambayo ina sodiamu. Vaa glavu unapofunga mirija, na usisafishe kwa dawa hiyo bila kusuuza kabisa. Kuna misimu wanazidi, kuna misimu huwaoni. Paa mkubwa (moose) na dubu huvunja bomba zima, lakini hao angalau wanakuachia ushahidi unaoonekana kutoka mbali.

Niwashe lini, nizime lini?

Washa joto linapokaribia kuvuka sifuri pale kwenye miti, si pale kwenye ukuta wa nyumba yako wenye jua. Ukichelewa, utomvu wa kwanza unatoka bila mvuto.

Kuzima ndiko watu wanakokosea. Jioni baridi inaposhuka, mti unaanza kunyonya. Ukizima pampu mapema, unanyonya utomvu uliosimama mrijani pamoja na bakteria wake, na tundu linaanza kuziba wiki kadhaa kabla ya wakati. Acha pampu ivute hadi mirija igande. Kama usiku hautaganda, iache iendelee hadi asubuhi. Kwa mfumo usioingiza hewa, usiku wa joto wa aina hiyo huleta utomvu wa kutosha kulipa umeme. Baridi ikikaza siku nzima, zima, toa maji kwenye rilisa na mtego.

Mwisho wa msimu nasafishaje?

Msimu unaisha machipukizi yanapovimba. Utomvu huwa wa maziwa-maziwa na shira yake ina harufu ambayo mtu hawezi kuikosea. Ng'oa midomo yote siku hiyohiyo pampu ikiwa inavuta: kila mrija unaoung'oa unanyonya hewa na kujimwaga wenyewe hadi rilisa. Ukitumia maji, yawe safi, na yasibaki ndani. Tundu la mti usilizibe na chochote. Mti unajua la kufanya.

Kwa mirija ya 3/16 usafi ni lazima, si hiari, kwa ile sababu ya kuziba. Wengi hutumia dawa ya klorini yenye kalsiamu (kalsiamu hipokloriti), isiyo na sodiamu, na kubadilisha tii zilizochafuka. Mirija ya kushukia badilisha kila baada ya misimu michache. Aprili hiyohiyo kupe wanaamka. Kagua miguu na kiuno kila jioni, ugonjwa wa Lyme upo sana katika misitu hii.

Utomvu umeshajaa tangini. Sasa?

Uuchukulie kama maziwa mabichi. Uwe baridi chini ya nyuzijoto 5, uchemshwe ndani ya siku moja. Tangi liwe la chuma cha pua au plastiki ya chakula. Matangi na ndoo za kale zilizounganishwa kwa risasi ziache kuwa mapambo. Mvuto huongeza utomvu, na hili wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: kama sufuria yako ilikuwa inatosha kwa ndoo, haitatosha kwa pampu. Gawanya 86 kwa asilimia ya sukari upate lita za utomvu kwa lita moja ya shira. Kwa utomvu wa asilimia 2 ni lita 43. Ndiyo maana wenye pampu huishia kununua na mashine ya kuchuja inayotoa maji kabla ya kuchemsha, kuokoa kuni. Shira imeiva ikifika nyuzijoto 4 juu ya maji yanayochemka, karibu 104 usawa wa bahari. Ukiwa na watoto wa pwani nyumbani, kaimati zitaisha kabla ya chupa.

Nyumbani Tanzania au Kongo naweza kuvuta mti wowote hivi?

Hapana. Mnazi hugemwa kwa kukata shina la ua, na tembo hutoka kwenye mirija inayobeba chakula cha mti, mwaka mzima, bila baridi yoyote. Mgema anachohitaji ni kisu kikali na kibuyu. Mepo hutegemea kuganda na kuyeyuka, mara nyingi, kwa wiki kadhaa mfululizo. Nchi isiyo na usiku wa chini ya sifuri na mchana wa joto haina msukumo wa kuongezewa.

Sina msitu. Kuna njia?

Kukodi matundu ni jambo la kawaida: unamlipa mwenye ardhi kiasi fulani kwa kila tundu kwa mwaka. Andikianeni mkataba wa miaka kumi au zaidi, kwa sababu bomba kuu ukishalifunga si kitu cha kuhamisha kila msimu. Mkataba utaje nani anakata miti iliyoanguka, umeme unatoka wapi, na njia ya kuingia wakati wa matope, ambao Vermont huwa ni msimu kamili wa tano. Aliyeko Quebec anayetaka kuuza kwa mapipa aulize kwanza chama cha wazalishaji, PPAQ, kwa kuwa uuzaji wa namna hiyo huko una mgao, na mgao huo haupatikani kwa kuomba tu mwezi wa tatu wakati utomvu umeshaanza kutoka.